Kaa Nikuone

Daktari wa zahanati alimwambia dada yangu aache kazi mara tisa, na katika mara hizo tisa hakumtazama usoni hata moja. Najua kwa sababu mara sita nilikuwepo, nimeketi kwenye kibenchi cha ukutani, mkoba wake nimeupakata. Dada anaingia, anasema pumu imezidi. Daktari anauliza huku anaandika, "Bado unafanya ile kazi ya makochi?" Dada anasema ndiyo. "Acha," anasema daktari, anachana karatasi, ananyoosha mkono kuonyesha dirisha la dawa. Basi, mwingine aingie. Hata kuku akichinjwa huangaliwa shingo.

Dada yangu ni fundi wa makochi. Watu hufikiri kazi ya kochi ni kitambaa, lakini kitambaa ni mimi, mdogo wake, ninayekata na kushona karibu na mlango penye mwanga. Yeye anashughulika na ndani. Analilaza kochi kifudifudi, anang'oa pini za stepla moja moja kwa bisibisi pana, anachana kitambaa cha chini, na hapo kochi linatapika kila lililowahi kumeza: vifungo, kalamu, makombo ya biskuti, na siku moja meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuwa ameshamsingizia mkwewe kuwa ameyaiba. Na vumbi. Vumbi la miaka kumi ya makalio ya watu, limechanganyika na sponji iliyooza ikawa unga wa njano. Hilo ndilo lililokuwa likimwingia kifuani kila siku iendayo kwa Mungu.

Ana tabia mbili, na zote mbili zinahusu habari hii, kwa hiyo nivumilieni.

Ya kwanza ndiyo iliyompa jina. Hagusi kochi la mtu kabla hajamwona mwenyewe amelikalia. Mteja anakuja mbio, gari limewashwa nje, anataka kushusha mzigo aondoke, dada anamwambia, "Kaa nikuone." Mteja anacheka, anadhani ni utani. Dada hacheki. Anachuchumaa mbele yake na chaki mkononi, anaangalia uzito unaangukia wapi, anasimamia mkono upi akiinuka. Kuna anayejitupa kama gunia, kuna anayelalia ubavu mmoja, kuna anayekaa ukingoni kama mgeni nyumbani kwake mwenyewe. "Kochi haliharibiki lenyewe," husema. "Linaharibiwa na mkao. Nikikuwekea sponji nzuri bila kuujua mkao wako, baada ya miezi mitatu utanirudishia na matusi juu yake." Mwalimu mkuu mmoja alikataa kukaa, akasema yeye si mtoto. Dada akamsaidia kulipakia kochi lake tena garini. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Kaa Nikuone, na mama naye akikasirika humwita hivyo hivyo.

Tabia ya pili ni ukosefu wa subira na vyombo. Mkasi ukitafuna kitambaa badala ya kukata, au stepla ikikwama mara moja tu, chombo hicho kinaingia kwenye boksi lililo chini ya meza. Analiita boksi la wastaafu. Hakijawahi kutoka kitu humo.

Sasa njoo kwenye dawa. Pampu yake ya kwanza ya kuvuta ilikuwa ya bluu, na ile aliipenda. Kifua kikibana anabonyeza, anavuta, baada ya dakika chache kinalegea, anarudi kwenye kochi. Miaka miwili baadaye daktari akaongeza ya kahawia. Pale dirishani, mtoa dawa aliisukuma kupitia nondo akasema, "Asubuhi na jioni," na kabla dada hajafunga mkoba alikuwa ameshaita jina la mtu mwingine. Dada akaivuta siku tatu. Hakusikia chochote. Kwake yeye chombo kisichosikika ni chombo kilichokufa, basi kikaenda kwenye boksi la wastaafu, katikati ya koleo na mikasi.

Akarudi zahanati kuomba ya nguvu zaidi. Akapewa ya duara, ya unga. Akasema haina hata ladha; ikaingia boksini. Akapewa ya zambarau. Boksini. Akapewa tena ya kahawia, maana daktari hakukumbuka kwamba alishampa. Boksini. Kila mara daktari alibadilisha rangi kama anayemchagulia mtoto penseli, na kila mara alimalizia na lile lile lake, acha kazi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nadhani yeye alielewa kwamba mgonjwa haulizwi kitu chochote. Wakati huo ile ya bluu ilikuwa haimalizi wiki tatu. Dada alitembea nayo kwenye mfuko wa aproni, chaki mfuko huu, pampu mfuko ule.

Nikisema nina hasira, nianze na hasira juu yangu. Niliziona pampu zikiingia mle boksini, na sikusema neno. Nilidhani fundi anajua chombo chake.

Mama yetu yeye alisema sana. "Sikio la kufa halisikii dawa," alikuwa akimwambia.

"Sikio langu zima, mama," dada alijibu. "Anayekataa dawa ni kifua." Kisha alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamfanya ashike ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mama hakucheka.

Siku hiyo mama alimwapisha. Akizidiwa tena hadi kubebwa, karakana ifungwe. Mama alikuwa ameshampangia kazi nyingine, kuuza nguo za watoto huku amekaa kitini. "Kiti gani, mama?" dada akauliza. "Viti vyote vya mtaa huu nimevikarabati mimi. Nikivikalia nitaviona makosa tu." Lakini aliapa. Mama ni mama. Na mimi nilijua, kwa jinsi nimjuavyo, kwamba kumtoa kwenye makochi kungekuwa kumzika na macho yake wazi.

Ilitokea Jumanne, saa nne asubuhi. Kochi la watu watatu, la kijani, lilitoka kwenye nyumba yenye paka wanne. Dada alilichana tumbo, na sina haja ya kusimulia yaliyotoka. Nilimsikia anapiga chafya, kisha nikasikia pampu: pss. Nikaendelea kushona, maana sauti ile tuliizoea. Pss. Pss. Nilipoinua kichwa alikuwa amepiga magoti, mabega yamempanda hadi masikioni, anaitikisa ile ya bluu na kuibonyeza mdomoni bila kupumzika, na kila akibonyeza inaitika pss, na kifua hakifunguki. Midomo ilianza kubadilika rangi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu na mtu anayemwamini. Nilikimbilia kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, akaja na miwani yake myeusi bado usoni, akambeba kama mto wa kochi, tukampeleka hospitali kubwa.

Walimvisha barakoa ya mashine ya mvuke. Baada ya saa moja aliweza kusema maneno mawili kwa pumzi moja, na aliyoyasema ni, "Karakana... mama."

"Nyamaza," nikamwambia. Nilikuwa na woga, na woga kwangu hutoka nje umevaa ukali.

Muuguzi aliyekuja kumtazama alikuwa mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba, mwenye sauti ya mtu aliyechoka kupigiwa kelele. Aliichukua ile pampu ya bluu, akaitikisa karibu na sikio lake, akaibonyeza hewani.

"Hii imekwisha siku nyingi," akasema.

"Inatoa sauti," nikasema.

"Inatoa upepo. Dawa ikiisha, upepo wa kuisukuma hubaki. Mlikuwa mnahesabu?"

"Kuhesabu nini?"

"Mibonyezo. Hii ilikuwa na mia mbili."

Nilipandisha sauti. "Nani alituambia tuhesabu? Miaka kumi na moja, nani alituambia?"

Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, akamtazama dada usoni, jambo ambalo nililikumbuka baadaye. "Hakuna aliyewaambia," akasema. "Ndiyo maana nauliza. Una nyingine nyumbani?"

Dada akaninyooshea kidole. Nikaeleza habari za boksi. Muuguzi akasema nikalilete, na nikalileta zima zima, na koleo zake. Alipoambiwa jina la boksi alicheka. "Basi niwekeeni nafasi. Mwezi wa tisa na mimi naingia humo." Kisha akazitoa pampu moja moja, akazipanga kwenye shuka. Zilikuwa nne. Akatikisa moja, akaifuta kinywa chake kwa pamba, akampa dada.

"Vuta nikuone," akasema.

Dada aligeuka akanitazama, na mimi nikamtazama.

Akavuta, kama alivyovuta miaka yote. Alibonyeza kwanza, pss, kisha akavuta haraka kama mtu anayeonja chai ya moto. Moshi mweupe ukatoka mdomoni na puani.

"Umeuona huo moshi?" muuguzi akauliza. "Huo ndio dawa. Imefika kwenye ulimi, imegeuza, imekwenda zake. Hebu na hii ya duara."

Dada akaifungua ile ya unga, akavuta kile kijiti chake kama ipasavyo, akaileta mdomoni, halafu akaipuliza. Nilitaka kucheka nikashindwa. Ndivyo anavyofanya na kila chombo karakanani. Hashiki patasi wala mkasi bila kuupuliza vumbi kwanza. Alikuwa ameipuliza dawa yote nje, kila siku, kisha akavuta plastiki tupu na kusema haina ladha.

Muuguzi akafunga macho kidogo. Kisha akaanza kutueleza, polepole, bila kutudharau. Ya bluu ni zimamoto, inakuja nyumba ikiwa tayari inawaka. Ya kahawia ni ya kuzuia moto usianze. Huwezi kuisikia siku hiyo, wala kesho. Unaivuta asubuhi na jioni hata ukiwa mzima kabisa, na kazi yake utaiona baada ya wiki mbili, tatu, pengine zaidi. "Si kwamba ulihitaji dawa ya nguvu," akamwambia dada. "Uliyopewa mara ya pili ndiyo yenyewe. Haikuwahi kufika."

Hapo dada alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba, na hakulia kwa huzuni. Alikunja ngumi juu ya shuka. "Kochi la mtu nalikagua," akasema, kwa vipande, pumzi bado haijamrudia. "Bovu, la kutupa, nalikagua. Mimi hakuna aliyenikagua."

"Na hii kazi yangu?" akauliza baadaye. "Niache?"

"Kazi tutaizungumza," muuguzi akasema. "Vumbi ni adui, sikufichi. Lakini kwanza tujue mapafu yako yakipata dawa yanasemaje. Mpaka sasa hayajawahi kuipata."

Daktari wa zamu akamwandikia mpya, ya kahawia na ya bluu. Muuguzi akatufundisha kutengeneza chombo cha kuvutia kwa chupa ya maji ya nusu lita. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, uichomeke ikae bila kuvuja. Mdomo wa chupa ndio unaoweka kinywani. Unabonyeza mara moja, dawa inajaa kwenye chupa, unavuta taratibu mara kadhaa, hakuna kukimbizana. Dada alimnyang'anya waya. Alitoboa tundu safi kuliko lile la mfano, akauliza kama kuna msasa wa kulainisha ukingo. Muuguzi akasema hospitali haina msasa. "Nitakuletea," dada akasema.

Mama alitusubiri nyumbani amesimama. "Uliapa," akasema.

"Niliapa kabla sijajua kuvuta," dada akamjibu. "Nipe wiki sita. Baada ya hapo chukua hata cherehani."

"Na ukinifia ndani ya hizo sita?"

"Basi utakuwa umenishinda ubishi kwa mara ya kwanza."

Mama akaingia jikoni, na masufuria yakalia kuliko kawaida. Tulihesabu hilo kuwa ruhusa.

Wiki sita zile nilikuwa mkali kama kibao cha mbuzi. Chupa tuliitundika kwenye msumari juu ya mswaki wake. Asubuhi na jioni nilisimama mlangoni na kumwambia, "Vuta nikuone," na alinichukia kwa hilo. Kila akimaliza nilisimama hadi asukutue mdomo, kama muuguzi alivyotuagiza. Makochi tuliyafungulia nje uani, tukiyanyunyizia maji kwanza, na dada amefungwa barakoa. Wateja wakauliza kama tumefungua karakana au zahanati. Wiki ya kwanza, hakuna. Wiki ya pili, hakuna, na nikaanza kumwona anavyolitazama boksi. Niliondoa stuli yangu nikawa nashona nimelikalia lile boksi lenyewe.

Wiki ya nne alikuja mteja aliyetaka kochi lake limalizike siku moja kabla ya ahadi. Dada akamgombeza. Alimwambia kwamba gundi haina haraka, kwamba kazi ya siku tatu ikifanywa kwa mbili atakaa kwenye mbao, kwamba mbona alikaa na kochi bovu miaka minane bila kuona shida, na kwamba hata mkate hautolewi tanurini kwa sababu mtu ana njaa. Nilisimamisha cherehani nikacheka kwa furaha. Yote hayo aliyasema kwa mfululizo, bila kushika meza. Mteja alidhani namcheka yeye.

Mama alikuja wiki ya sita. Alikaa, akamsikiliza anavyopiga stepla na kuongea kwa wakati mmoja, akaondoka bila kutaja cherehani.

Na hapa ningemaliza, kama dunia ingekuwa na adabu. Lakini mwezi uliofuata daktari wa zahanati alituletea kiti chake cha ofisini, cha kuzunguka, kimebonyea. Alikileta mwenyewe, simu sikioni. Hakututambua.

"Fundi, nina haraka," akasema. "Weka sponji tu."

"Kaa nikuone," dada akasema.

Akakaa. Dada akachuchumaa mbele yake na chaki. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko anavyomtazama mteja yeyote, na nilipoona hivyo nilitoa mguu kwenye cherehani.

"Unalalia kushoto," akamwambia. "Mkono wa upande wa meza ndio unaobeba mwili wote. Kushoto pamekwisha kabisa, mpaka mbao. Kulia sponji bado mpya, haijaguswa. Kulia kwako hukaa nani?"

"Mgonjwa," daktari akasema, bado anaitazama simu. Kisha akaishusha.

Dada akainuka, akaenda kwenye boksi, akaniambia nisogee. Akatoa ile ya bluu iliyokwisha, tuliyoiweka humo kwa heshima. "Mimi ni mgonjwa wako wa pumu," akasema. "Wa miaka kumi na moja."

Daktari akamtazama. Mara ya kwanza, naapa. "Ahaa. Nilikwambia uache kazi," akasema. "Uliacha?"

Aliuliza hayo amezungukwa na makochi manne, sponji hadi dari, na mwenye chaki mkononi amesimama mbele yake. Nilishika mkasi, nikaona heri niuweke chini.

Dada hakupandisha sauti. Alikifuta kinywa cha pampu kwa kitambaa safi, akampa. "Hii haina dawa, imebaki upepo na moshi wake. Umeniandikia nyingi. Nionyeshe inavyovutwa."

Daktari akacheka kidogo, kama wale wateja wanaoambiwa wakae. Dada hakucheka. Basi akaitia mdomoni, akabonyeza, pss, kisha akavuta haraka kama anayeonja chai ya moto. Ukungu mweupe ukamtoka mdomoni na puani, ukapanda taratibu mbele ya uso wake.

"Huo moshi, daktari," dada akasema, "ndio miaka yangu kumi na moja."

Daktari aliigeuza ile pampu mkononi, akasoma maandishi yake madogo. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, inavutwaje. Dada akaenda akachukua chupa mpya na waya, akamfundisha. Ilimchukua mara nne kupata. Mimi sikumsamehe, na sijamsamehe bado. Nafikiria lile benchi lake na wote tuliopokezana kulikalia, kila mmoja na karatasi yake. Dada sijui kama alimsamehe.

Jioni nilimwona akikarabati kile kiti. Kushoto aliweka sponji ngumu, ile tunayowekea madereva wa malori. Kulia akaweka laini, ya kuzama. Nilimwambia kiti hicho kitamwelemeza mwenyewe upande wa kulia kila akikaa.

"Ajifunze kugeuka," akasema, akaendelea kupiga stepla.